Kozi ya mizizi ya maneno ya Kigiriki na Kilatini jirani na Makoroboi: nilichopata na ninachodai

Nianze na hela, maana najua ndiko mtakakoanzia. Ada ni shilingi 50,000 kwa mwezi, kozi ni miezi mitatu, na kijitabu ni 12,000 nyingine hata kama ni fotokopi ya fotokopi. Vipindi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa moja. Kituo kipo katikati ya mji wa Mwanza, dakika mbili kwa miguu kutoka Makoroboi, ghorofa ya pili juu ya saluni, kwa hiyo unapanda ngazi ukinusa dawa ya nywele na unashuka ukinusa mishikaki. Jina lake silitaji. Bado nawadai, na mdai mwenye akili hatangazi ugomvi kabla hajalipwa.

Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu huku Kirumba, mwaka wa tisa sasa. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilikuwa D, na hiyo D nadhani msahihishaji alinionea huruma. Mwakani nataka kuomba stashahada ya famasia. Tatizo, kila nikifungua vitabu vya mdogo wangu anayesoma uuguzi nakutana na maneno marefu kama treni ya mizigo, nasimama pembeni yapite, halafu nafunga kitabu. Siku moja mteja wangu, kijana anayesoma udaktari pale Bugando, akanikuta nakariri neno kwa kuliimba. Akacheka. "Dada, usilikariri zima. Likate." Akaniandikia nilipotakiwa kwenda nyuma ya risiti.

Kukata maneno marefu ya Kiingereza hadi kwenye mizizi yake ndiyo kozi nzima. Kama unatafuta kitu kingine, soma hadi kwenye kisa cha mzungu huko chini ndipo uamue.

Mwalimu ni mzee mstaafu aliyefundisha bayolojia sekondari, mwembamba, shati limepigwa pasi hata Ijumaa jioni. Siku ya kwanza hakugusa Kiingereza. Aliandika ubaoni: kitabu, katibu, katiba, maktaba, mkutubi. Akauliza, "Hawa ni ndugu au ni majirani?" Tukajibu ni ndugu. "Baba yao nani?" Kimya. Akapigia mstari k, t na b katika kila neno, akasema hizo konsonanti tatu ndizo ukoo wenyewe, zimetoka Kiarabu na zinahusu kuandika. Kisha akaleta hesabu, hisabati na mhasibu. Kisha fikra, fikiri, tafakari. Maneno yangu mwenyewe, niliyoyasema tangu utotoni, nilikuwa sijawahi kuona kwamba yana pua moja. Ndipo akasema Kiingereza nacho kina koo za hivyo, ila mababu zao wengi wamezikwa Ugiriki na Roma.

Halafu akachomoa kalamu mfukoni na kuuliza ni neno la nani. Tukasema Kiarabu. Akasema ndiyo, lakini Waarabu nao walilipata kwa Wagiriki, waliosema "kalamos", maana yake tete, kwa sababu kalamu za zamani zilichongwa kwa matete kama haya yanayoota kandokando ya ziwa letu. Na almasi? Ile inayochimbwa hapo Mwadui? Kigiriki "adamas", kitu kisichoshindika. Waarabu walikatia upande wao ikawa almasi, Waingereza wakaipata kupitia Kifaransa ikawa "diamond". Kaka mmoja wa nyuma, fundi simu, alisema kwa sauti, "Kumbe tunaongea Kigiriki na hatulipwi." Darasa likawa letu tangu hapo.

Kipindi kilichonipata mimi binafsi ni cha tatu. Mwalimu aliuliza kila mtu kazi yake. Nilipotaja duka la dawa akaniita ubaoni niandike vifupisho ninavyoviona kwenye vyeti vya madaktari. Hapo nilijisikia bingwa. BD, mara mbili kwa siku. TDS, mara tatu. QID, mara nne. PO, kwa mdomo. PRN, ukihitaji. STAT, sasa hivi. Nikapigiwa makofi. Akauliza swali moja tu: "Kwa nini B ni mbili?"

Miaka tisa. Sijui vidonge vingapi nimehesabu juu ya trei ile kwa sababu ya B na D, na sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ni Kiingereza cha madaktari.

Akanirudishia chaki, akanisomea herufi kwa herufi niandike: "bis in die", Kilatini, mara mbili kwa siku. "Ter die sumendum", ya kunywewa mara tatu kwa siku. "Per os", kupitia mdomoni. "Statim", papo hapo. Na PRN ni "pro re nata", ambayo ukiifuata neno kwa neno ni kwa ajili ya jambo lililozaliwa, yaani maumivu yakizaliwa ndipo unameza. Hata ile alama ya Rx juu ya cheti ni "recipe", amri ya Kilatini: chukua. Waingereza baadaye wakalipeleka neno hilo hilo jikoni likawa maelekezo ya mapishi. Halafu akauliza nani amekunywa chai na biskuti leo. "Bis" ni mara mbili, "coctus" ni iliyopikwa. Biskuti ni kitu kilichookwa mara mbili, na BD na biskuti ni mtu na binamu yake.

Kesho yake dukani nilimpa mama mmoja vidonge vyake, nikasema, "Mama, hivi ni asubuhi na jioni," huku nacheka peke yangu. Mama mwenye duka akaniuliza kama nina mimba.

Kuna kipindi kingine nitakikumbuka zaidi hata ya hicho. Mwalimu alikuja na kikapu. Alikuwa amepitia soko la samaki la Mwaloni, tukajua kwa harufu kabla hajafika mlangoni. Akapanga mezani juu ya gazeti: fungu la dagaa, samaki mmoja aina ya ngege, muhogo, gimbi, bamia tano, na shina la magugu maji linalodondosha maji. Akasema leo tunasoma majina ya hawa kama wataalamu wanavyowaandika duniani kote, kwa sababu jina la kisayansi mara nyingi ni Kilatini au Kigiriki kilichovalishwa Kilatini, na utaratibu huo wa majina mawili aliusimika Msweden, Linnaeus, katika karne ya 18. Sangara na sato wote wawili wana jina la pili "niloticus", wa Nile, na aliyewaandika hivyo mwaka 1758 ni huyo huyo Linnaeus, ambaye hakuwahi kukanyaga Kirumba.

Dagaa ni "Rastrineobola argentea". Sehemu ya kwanza hata yeye aliipita mbio. Ya pili ndiyo tamu: "argentum" ni fedha, ile madini. Dagaa wa fedha. Yeyote aliyeona dagaa wabichi wakimwagwa juani asubuhi hahitaji maelezo. Na nchi ya Argentina jina lake limetoka humo humo.

Ngege ni "Oreochromis esculentus". Muhogo ni "Manihot esculenta". Gimbi ni "Colocasia esculenta". Bamia ni "Abelmoschus esculentus". Akanyamaza akatuacha tutafute. Binti mmoja wa chuo cha ualimu aliruka kwenye kiti: "Wote wana jina la ukoo moja!" Maana yake ni ya kuliwa, basi. Wataalamu hawakuhangaika, waliona mtu anakula wakaandika inaliwa. Mwisho neno lenyewe linavaa -us au -a kufuata jinsia ya jina la kwanza, jambo ambalo sisi wenye m-wa na ki-vi hatuwezi kuliona ajabu.

Magugu maji ni "crassipes". "Crassus" nene, "pes" mguu. Akalibana lile shina lililovimba katikati ya vidole vyake, likatoa hewa fyuu, na hapo nikaelewa kwa nini linaelea na kwa nini linaitwa mguu mnene. Mguu huo huo wa Kilatini, "pes, pedis", upo kwenye "pedal" ya baiskeli, upo kwenye "pedestrian", mwenda kwa miguu, upo kwenye "pedicure" inayofanyika saluni ya chini yetu.

Mimi nikanyoosha mkono kwa mbwembwe. "Na pediatrics, mwalimu, ni wodi ya miguu!"

Walicheka mpaka wa saluni wakasikia. Kumbe hiyo ni "pais, paidos" ya Kigiriki, mtoto. Waingereza huandika "paediatrics" na a ndani yake, Wamarekani wakaitoa, na mguu na mtoto wakafanana. Hilo nalitaja kwa sababu ni udhaifu wa njia yenyewe, si wa kituo: mizizi miwili inaweza kuvaa shati moja, na ukiwa na haraka kama mimi unaingia wodi siyo.

Kitu cha thamani kuliko vyote kwa mtu wa afya ni jedwali moja dogo alilochora mwezi wa pili wa kozi. Mahali Wagiriki walipoanza neno kwa h, Walatini mara nyingi walianza kwa s. "Hex" na "sex", sita. "Hepta" na "septem", saba. "Hemi" na "semi", nusu. "Hyper" na "super", juu. "Hypo" na "sub", chini. Akasema ni kama Kisukuma kinaposema banhu na Kiswahili kinasema watu, pale wanaposema ba- sisi tunasema wa-, kwa kuwa lugha zilizotoka tumbo moja hutofautiana kwa mpangilio. Tangu siku hiyo sijawahi kuchanganya "hyperglycaemia", sukari ya damu kuzidi, na "hypoglycaemia", sukari ya damu kushuka, maneno ambayo mtu akiyasema haraka simuni yanasikika sawa kabisa, na mgonjwa mmoja anahitaji sukari upesi wakati mwenzake imeshamzidi. Hyper ni super, kama supamaketi. Hypo ni sub, chini, kama sindano ya "hypodermic" inayopita chini ya ngozi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kijitabu chao cha 12,000, ukurasa wa 14, kimeandika "hypo" ni juu na "hyper" ni chini. Kinyume! Mwalimu alitusahihisha kwa mdomo, tukakata kwa peni. Lakini wale ambao siku hiyo hawakuja je? Na kundi linalofuata linauziwa kijitabu kile kile, nimekiona mezani juzi. Neno la ugonjwa wa ini, "hepatitis", nalo wameandika "hapatitis". Ukikosea hivyo kwenye kitabu cha mapenzi hakuna anayekufa.

Kichocho pia kilikuwa na siku yake. Mnyoo wake unaitwa "Schistosoma", na darasa zima tulijua la kusema: soma! "Soma" kwa Kigiriki ni mwili, haihusiani na kusoma kwetu, ni bahati tu. "Schistos" ni uliopasuka. Dume lina mfereji mwilini kama limechanwa kwa urefu, na jike linalala ndani ya mfereji huo. Mwalimu alilichora, wanawake tukatazamana. Nusu ya darasa tumekulia kandokando ya ziwa, tulisimamishwa shuleni penye fimbo ya kupimia urefu tukapewa vidonge vya kichocho vikubwa vyenye uchungu, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba adui anaitwa mwili uliopasuka. Kutoka hapo "chromosome" ilikuwa kuteleza tu: "chroma" ni rangi, mwili unaoshika rangi, kwa kuwa ndivyo ulivyoonekana chini ya hadubini baada ya kutiwa rangi.

Haya, upande wa pili wa mizani.

Mwalimu anajua mizizi ya bayolojia kama kiganja chake, lakini akitoka nje ya bayolojia anapenda hadithi. Alituambia "news" ni herufi za kwanza za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza, kwamba habari hutoka pande zote. Tukaandika. Mtu akauliza kama "history" ni hadithi ya mwanamume, "his story", akasema inawezekana. Nilirudi nyumbani nikatazama kwenye kamusi ya simuni. "News" ni "new" tu, mambo mapya. Na "history" ni "historia" ya Kigiriki, kuulizia na kuchunguza, na hao Wagiriki hawakuwa na "his" yoyote. Sisi wenyewe tunasema historia! Ijumaa nilimsubiri wengine watoke. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu." Nikamwonyesha. Alivua miwani, akasoma, akasema ile ilikuwa ya kuchangamsha darasa. Mimi sikulipa kuchangamshwa, lakini kwa mzee wa umri wa baba yangu unaishia hapo. Ushauri wangu: kila mzizi anaokupa, upitishe kwenye kamusi yenye asili za maneno kabla hujauandika kwenye kadi.

Na sasa mzungu. Jumamosi moja, mwezi wa pili, aliingia dukani kijana ametoka Ukerewe kwa meli, uso mweupe hata kwa mzungu. Nikajipanga. Nilikuwa nina "gastritis" mkononi, nina "gastroenteritis", maradhi ya tumbo yote mawili, nina "antiemetic", dawa ya kuzuia kutapika, na mzizi wake "emein", kutapika. Akasema, "I've been throwing up since morning." Nikasikia "throw", kurusha. Nikasikia "up", juu. Nikatazama dari. Nikamuuliza karusha nini. Akarudia, nami nikarudia kutazama juu. Kijana wa bodaboda aliyeegemea mlango, ambaye hata darasa la saba sijui kama alimaliza, akasema bila kugeuka, "Dada, jamaa anatapika."

Nilipomsimulia mwalimu hakushangaa. Alisema Kiingereza ni nyumba ya ghorofa mbili. Chini, jikoni na barazani, kuna maneno mafupi ya ukoo mmoja na Kijerumani: kula, kulala, kurusha, kuweka, kupata, na yale yanayotembea mawili mawili au matatu matatu kama "throw up" na "put up with". Juu, kwenye ofisi na maktaba, kuna maneno ya Kilatini na Kigiriki, mengi yaliletwa na Kifaransa baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, mengine yakaletwa na kanisa na wanasayansi. Kozi hii inakupandisha juu moja kwa moja kwa ngazi ya nje. Kupita jikoni hupiti. Sawa, ni maelezo mazuri. Lakini kwa nini bango lao pale chini linasema utaongea Kiingereza ndani ya siku 90? Mwalimu akasema bango si lake.

Kwa hiyo kama wewe ni muuguzi, mwanafunzi wa sayansi, mwalimu wa sekondari, au mtoto wako anaingia kidato cha kwanza akitoka shule ya Kiswahili na bayolojia inamngoja kwa Kiingereza, nenda. Kama unataka kuongoza watalii au kuzungumza na bosi wa mradi, hela yako iweke mahali pengine. Mimi nilijipima kwa namna yangu: kabla ya kozi nilifungua ukurasa mmoja wa kitabu cha mdogo wangu, nikahesabu maneno 31 nisiyoyajua. Juzi nimefungua ukurasa ule ule, yamebaki 9, na 4 kati ya hayo ni ya ghorofa ya chini. Kadi zangu nilizotengeneza kwa maboksi ya dawa zimefika 240, nimezifunga kwa mpira, zinalala chini ya kaunta.

Mazingira ya darasa sina mengi. Viti 20, watu 34. Feni moja. Umeme ukikatika mnafundishwa kwa tochi za simu, na mwezi wa tatu ulikatika sana.

Hapo ndipo deni langu lilipo. Vipindi vilipaswa kuwa 36. Tulipata 29. Viwili ulikuwa umeme, vitano mwalimu hakulipwa mshahara akagoma, na simlaumu. Lakini mimi nililipa. Saba kati ya 36 kwa ada ya 150,000 ni shilingi 29,000 na ushei; nimepiga hesabu hiyo kwa kikokotoo cha dukani mara mbili, BD. Nilipoenda ofisini dada wa mapokezi alisema njoo Jumatatu. Nikaenda Jumatatu, akasema ile nyingine. Ya tatu akanipa karatasi niandike barua ya madai. Nikaandika vizuri kwa Kiswahili, jina, tarehe, kiasi, na chini kabisa, upande wa kulia, kwa herufi kubwa, nikaandika STAT.

Akaisoma, akauliza hiyo mwisho ni nini. Nikamwambia amuulize mwalimu wake.